Mbweha Adai Nyumba ya Nuala

Zamani huko Ayalandi, Mbweha alijiita mwenye ardhi, ilhali hata shimo lake alikuwa ameliiba. Baridi ilipokaribia, alimwendea Nuala, kalunguyeye mjane.

“Toka! Nyumba hii ni yangu.”

“Niende wapi na baridi hii, bwana?”

“Shauri yako.”

“Basi niachie kilicho chumbani tu.”

“Thubutu! Vyote vilivyomo ni vyangu, hata viroboto!”

“Majirani, mmesikia?” Nuala alijikongoja nje akilia. Mbweha akaingia kwa maringo, akaufunga mlango kwa komeo.

Nuala akafuta machozi, akasogea dirishani. “Chumbani kuna mbwa wa kuwinda mbweha. Alinyeshewa, nikamlaza. Naye sasa ni wako, bwana. Mwamshe taratibu.”

Mbweha alitokea juu, kwenye bomba la moshi, bila mkia.