Nyumba Iliyomeza Vitufe

Hapo zamani, si ile ya mabibi zetu, ni zamani hii hii ya simu za kugusa, Shangazi Mwanakheri wa Pangani alitaka kujenga. Ramani ya fundi aliigeuza huku, akaigeuza huku, asiambulie kitu.

Akawaita watoto watatu wa kaka yake, wote waandishi wa programu.

"Wanangu, nionyesheni nyumba yangu humu simuni. Niizunguke, niingie, kabla fundi hajamwaga zege Jumamosi. Atakayeniwezesha, chumba cha juu chenye roshani ni chake maisha."

Chumba chenye upepo! Nani hakitaki?

Kibwana, mmoja wao, akajenga nyumba humo simuni, ina mbele na nyuma, ukiisukuma kwa kidole inazunguka. Dada yake Hasina akachora vitufe, bapa kama chapati: Ingia, Toka, Panda. Wakaviunganisha. Shangazi akaizungusha nyumba, ukuta ukapita mbele, vitufe vyote vikamezwa.

"Sasa pa kuingilia wapi?"

"Nyuma ya choo, Shangazi," akasema Kibwana kwa aibu.

Mdogo wao Shekue, ambaye tangu asubuhi alikuwa anakula maandazi tu, akaangua kicheko. "Mmevitundika uani! Vibandikeni kwenye kioo cha simu. Nyumba ichorwe kwanza, vitufe mwisho."

Akaandika mstari mmoja wa programu, akarudi kwenye maandazi yake. Vitufe vikatokea.

Shangazi akabonyeza Ingia. Lo! Nyumba nayo ikazunguka, maana kidole kilipenya kitufe kikaisukuma. Kizunguzungu kikamshika, akaomba maji. Hasina akarekebisha: kidole kikigusa kitufe, kiishie hapo hapo.

Shangazi akaingia. Sebuleni akapiga vigelegele. Jikoni akageuka huku na huku.

"Dirisha liko wapi? Nitapiga soga vipi na jirani yangu Bi Salama nikikuna nazi?"

Akampigia fundi simu palepale, ramani ikarekebishwa kabla ya zege.

Leo nyumba imesimama, na dirishani soga haziishi. Ila ndugu hawa!

Kibwana anasema, "Bila nyumba yangu, angeingia wapi?"

Hasina anasema, "Bila kitufe changu, angezunguka nje kama mwizi. Na kizunguzungu nani alikiponya?"

Shekue anasema, "Langu ni mstari mmoja tu. Ufuteni, tuone."

Ufunguo wa chumba cha juu bado umefungwa kwenye pindo la kanga ya Shangazi, na anawapenda wote watatu. Haya, nyie mnaocheka: mngekuwa Shangazi, mngempa nani?