Kinyemela Anyoa Sharubu

Hapo zamani za kale, wanangu, panya walipokuwa bado na adabu ya kupiga hodi kabla ya kuiba, aliishi panya mmoja akiitwa Kinyemela. Alikuwa na mke, Bi Kidawa, na watoto wasiojua kushiba. Chakula chao chote kilitoka ghalani kwa Bi Nyati.

Lakini siku hizo mlangoni pa ghala aliwekwa mlinzi, Ngiri, mwenye nguvu za kutisha na macho hafifu. Kila mgeni alimsogezea uso, naye akaupapasa kwa pua. Akikuta sharubu ndefu za panya, pu! Teke. Kinyemela alikuwa amepigwa mateke mpaka mbavu zikamuuma, na watoto walikuwa wanalia njaa.

"Ninyoe sharubu, mke wangu," alisema.

Kidawa alimsihi aziache, maana sharubu za panya si pambo. Kinyemela akamcheka, akakaa kitako, akanyolewa kwa kigae, kwaru kwaru, uso ukabaki laini kama yai.

Akaenda, akapiga hodi, akajidai yeye ni Fuko aliyekuja kumwamkia Bi Nyati.

"Lete uso, bwana." Ngiri akapapasa, akarudia kupapasa. "Aa, Bwana Fuko. Karibu, pita ndani upumzike."

Kinyemela alipita huku amebana kicheko. Lakini mle ndani mlikuwa na giza, na mahindi yalikuwa nyuma ya ukuta wenye matundu tele. Siku zote sharubu ndizo zilizompimia tundu linalomtosha. Sasa ilimbidi abahatishe. Akaingiza kichwa, akajisukuma, akanasa kiunoni, harufu ya mahindi imemjaa puani na hata punje moja haifikii.

Ngiri alisikia miguu ikipiga ukuta, pata pata, akaja akamchomoa kwa mkia.

"Fuko gani huyu mwenye mkia mrefu hivi?" aliuliza, na teke lililofuata likamfikisha Kinyemela karibu na kwake.

Aliingia nyumbani mikono mitupu. Watoto walipomwona wakaanza kulia upya, naye akaona aibu kweli. Akaapa kwamba atazifuga tena.

"Zikiota, Ngiri atakujua," Kidawa alisema. "Usipozifuga, utanasa. Sasa chagua, baba watoto."

Kinyemela akajipapasa uso.

Virusi vya UKIMWI navyo ni hivyohivyo, wanangu: vikibadilika hata askari wa mwili, yaani chembe za kinga, wasivitambue, mara nyingine hupungukiwa na nguvu za kuzaliana, kwa kuwa kujificha nako kuna gharama yake.