Ndewe za Akech

Katika mtaa wa Kware, ambako majumba ya kupanga yamesongamana hata jua huingia vyumbani kwa zamu, hakuna aliyehitaji kuelekezwa kibanda cha Akech. Wateja walimtazama masikioni tu wakajua wamefika. Herini zake za shaba alizifua mwenyewe, pana kama visahani vya chai, akazivaa tangu alfajiri hadi saa ya kulala. "Kizuri chajiuza," alizoea kusema, "nacho huanza kujiuza kikiwa masikioni mwangu." Wanawake walimjia kutoka mitaa ya Fedha na hata Dandora. Binti yake wa pekee, Clare, aliyekuwa akisomea ualimu, naye alizivaa kwa fahari kama mamaye.

Nyumbani, mlango uliotazamana na wake ulikuwa wa Muhiba, muuguzi katika zahanati ya mtaani. Jioni moja Muhiba alikuja kumchagulia bintiye Afnan herini, mara macho yake yakatua kwenye ndewe ya kulia ya jirani yake. Tundu la sikio lilikuwa limerefuka kama tundu la kifungo.

"Mama Clare, hebu vua hiyo nione," alisema.

Akech akavua. Muhiba akaishika ile ndewe kwa ncha za vidole.

"Hapa chini imebaki nyama nyembamba kama uzi. Njoo zahanati. Daktari Musyoka atakutia ganzi, atashona, na kabla ya nusu saa kwisha utakuwa njiani kurudi. Kisha uvae nyepesi, na za kulemea uziache kwa siku za sherehe."

"Mama Afnan, nikionekana na vipuli kama punje za mtama, nani atazinunua hizi kubwa?"

"Watu hununua kwa macho yao, si kwa masikio yako."

Akech alicheka. "Krismasi ikipita nitakuja."

Krismasi ikapita, na Pasaka nayo ikapita. Kila Muhiba alipomkumbusha, Akech alipata udhuru: leo mzigo umefika, kesho kuna mazoezi ya kwaya. Alibandika kipande cha plasta nyuma ya ndewe, akajiambia kwamba mambo yamekwisha. Hata hivyo moyoni alijua. Kila alipojitazama kwenye kioo, aligeuza shingo kidogo ili autazame upande wa kushoto.

Jumapili moja, ibada ilipokwisha, alilivua joho la kwaya kwa kulipitishia kichwani, haraka kama ilivyokuwa desturi yake. Herini ya kulia ilinasa kwenye mshono wa kola. Alihisi moto mkali, kisha kitu cha vuguvugu kikamtiririka shingoni. Alipopeleka mkono, ndewe ilikuwa imegawanyika vipande viwili, mithili ya ulimi wa nyoka.

Alijifunga leso kichwani, akaondoka bila kuaga mtu. Muhiba alipobisha hodi jioni ile, Akech alimjibu mlango ukiwa umefungwa kwamba kichwa kinamuuma. Aliona haya. Angemwambia nini mtu aliyemwonya mara tano? Badala yake alichukua gundi kali aliyoitumia kazini, akavibana vile vipande viwili, akavigandisha.

Siku ya tatu sikio lilikuwa limevimba kama andazi. Clare aliporudi kutoka chuoni alimkuta mama yake kitandani mchana kweupe, mwili ukichemka, leso ikinuka usaha. Hakuuliza mengi. Alivuka ukumbi, akamwita Muhiba, nao wakamshika Akech huku na huku hadi zahanati.

Daktari Musyoka alikuwa mtu wa maneno machache. Aliifungua leso, akaliinamia sikio.

"Gundi ametia nani?"

"Mimi," alijibu Akech.

"Kwa nini hukuja siku ile ile?"

"Niliona haya, daktari."

Musyoka alitikisa kichwa taratibu. "Leo siwezi kushona. Nikishona juu ya usaha, nitakuwa nimemfungia mwizi ndani ya nyumba. Tutasafisha kila asubuhi, na dawa umeze bila kuruka. Uvimbe huu ukipanda hadi kwenye gegedu, huu mfupa laini wa juu, sikio zima litakunjamana. Hilo sina uwezo wa kukurudishia."

Akech alizoea kuyafikiria masikio yake kama mahali pa kuning'iniza vitu, na sasa alikuwa akiombea moja lisimpotee.

Asubuhi ya nne ya kusafishwa, mama na binti walikuwa wameketi kwenye benchi wakingoja zamu. Jua liliingia dirishani, na Akech akaona mwanga ukipenya tundu la ndewe ya Clare, juu ya herini ya shaba. Ulikuwa ufito mrefu, mwembamba.

"Clare, vua hizo herini."

"Mama, tundu limerefuka kidogo tu."

"Langu nalo lilirefuka kidogo tu."

"Lakini wewe ndiwe uliyesema kizuri chajiuza."

"Nilisema, mwanangu. Nilikosea." Akech akalifunua sikio lake, akaligeuza ili binti yake alitazame vizuri, jambo ambalo siku zote zile alilikwepa. "Tazama. Usinionee huruma, tazama tu."

Clare alitazama kwa muda mrefu. Kisha akazivua, moja baada ya nyingine.

Asubuhi ile ile Daktari Musyoka alimtia Clare ganzi, akazikata kingo za yale matundu, akazishona. Clare alitoka kabla mama yake hajamaliza kusafishwa. Baada ya juma moja nyuzi zilitolewa, na zikabaki alama mbili nyembamba kama unywele.

Safari ya Akech haikuwa fupi hivyo. Uvimbe ulishuka kabla ya kufika kwenye gegedu, lakini nyama iliyooza ilibidi ikatwe. Alingoja miezi mitatu kidonda kikauke, ndipo akapasuliwa kwa saa mbili nzima, ngozi ikiazimwa nyuma ya sikio ili kuunda ndewe mpya. Sikio lilipona, ila lilikuwa fupi kuliko mwenzake, na daktari alimwonya asilitoboe tena, kovu lisije likafura.

Siku hizi Akech hufua herini nyembamba kama majani ya mwarobaini, na wateja hawajapungua. Mwenye tundu lililorefuka akinyoosha mkono kuchukua nzito, Akech humwelekeza kwanza kwa Muhiba. Akibisha, yeye huisogeza leso pembeni na kumwonyesha ndewe yake iliyoundwa upya, kisha humwambia bila kuficha neno: "Mwanangu alishonwa kwa nusu saa, mimi nusura nipoteze sikio. Usipoziba ufa, utajenga ukuta."