Pimbi na Kifaru katika Njia Moja ya Angani

Hapo zamani za kale, enzi ambazo miezi yote ilikuwa wanyama, palikuwa na sayari kubwa iliyozungukwa na njia moja tu. Njia hiyo waliipita wawili: Kifaru, mwezi mkubwa, na Pimbi, mwezi mdogo, kila mmoja na nyumba yake mgongoni. Ndiyo, mgongoni! Msinicheke, kwani nyinyi mlikuwepo?

Siku moja Kifaru akanguruma kutoka nyuma: "Wee Pimbi! Njia hii ni yangu! Nikikufikia, nakusaga wewe na hicho kibanda chako!"

Pimbi akatazama kando. Nje ya njia hapakuwa na kitu, ni kuanguka tu mpaka basi. Na mgongoni mkewe alikuwa akipakua, watoto wanne wakigombania ukoko.

Gu! Gu! Gu! Kifaru huyooo!

Pimbi akageuka, akainama. "Shikamoo, Bwana Mkubwa!"

Sasa, huko angani shikamoo haijibiwi mbiombio. Mkubwa sharti asimame, miguu pamoja, ndipo aitikie. Mdogo naye hampi mkubwa mgongo, huondoka kinyumenyume.

Krrr! Kifaru akasimama. "Marahaba."

"Umeamkaje?" Tup, tup, Pimbi akarudi nyuma.

"Salama."

"Nyumbani hawajambo?" Tup, tup.

"Niko peke yangu."

"Na mwili je?" Tup, tup, tup.

"Mzima, ila goti hili la kushoto..."

"Lo! Pole sana, Bwana Mkubwa!"

Salamu zilipokwisha, Pimbi alikuwa ameshafika kule! Mzunguko wa pili, vivyo hivyo. "Goti limeamkaje? Umelikanda kwa maji ya moto?" Wa tatu, wa nne, Kifaru akawa anakimbia na kusimama, anakimbia na kusimama.

Mzunguko wa saba, kifungua mimba wa Pimbi akashindwa kujizuia. "Baba, umempata tena! Hi-hi-hi!"

Pimbi akafumba macho. "Leo tumekwisha," akawaza.

"Mwambie mwanao sikudanganyika," Kifaru akasema taratibu. "Hila yako niliijua tangu mzunguko wa pili."

"Ha! Sasa mbona ulikuwa unasimama?"

"Tangu nizaliwe wananikimbia tu. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za goti langu. Nililikanda kama ulivyosema, na limepoa. Asante, ndugu yangu. Njia inatutosha, wewe tangulia tu, ila usiende mbali nisikokusikia."

Pimbi aliona haya, na furaha, vyote pamoja. Machozi yakamlengalenga.

"Asante ni yangu mimi, Bwana Mkubwa," akasema. "Mizunguko yote hii nilikuuliza kwa hofu. Kuanzia kesho nitakuuliza kwa kutaka kujua."

Basi shikeni hili, wanangu: ulimi mwepesi humwokoa mtu, lakini moyo mwema ndio humpa jirani.