Nani Aanze kwa Korongo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mabaraza kama yetu na upuuzi kama wetu, uliingia ugonjwa wa uvimbe. Ndiyo hiyo saratani. Na wewe kaa vizuri, acha kumchokoza mwenzako.

Mganga alikuwa mmoja tu, Korongo. Baraza likaitwa liamue: nguvu za nchi ziwekwe wapi kwanza? Na shauri lolote halikuwa likipita mpaka wakubwa wasimame pamoja.

Bi Pimbi alikwenda kachoka. Mdogo wake, Mwanapili, alikuwa na kivimbe kwenye ziwa, kama punje ya mtama. Korongo alikwisha kusema: kikiwahiwa kinatoka, kikiachwa ni kaburi. Lakini hakuruhusiwa kumgusa mtu kabla baraza halijaamua. Baraza lenyewe lilianza mtama uko shambani. Sasa mtama umekwisha kuliwa.

Tembo akapiga mguu, tii! "Kwanza lijengwe jumba la kulaza wagonjwa. Mlango niingie mimi bila kuinama!"

"Jumba la nini?" akanguruma Simba. "Kwanza koo. Langu linanikwaruza."

"Ngozi!" akasema Kiboko. "Jua linatumaliza."

"Wazee wangu," akasema Pimbi, "tuanze na kupimana. Kivimbe kikionekana mapema..."

"Kwa kwa kwaa!" Kiboko akacheka. "Kadogo kanatuletea habari za vidogo! Kaa chini, bibi."

Pimbi akakaa. Hata nguvu ya kulia hakuwa nayo. Akawatazama wakubwa wanavyosukumana kutaka kuwa wa kwanza. Akawatazama na wakwe zao, wamejaa pale nyuma. Akainuka tena.

"Basi nimekosea. Aanze mkubwa. Ila mila mnaijua: anayefungua njia hupimwa hapa hapa, mbele ya wote. Anavua, anapapaswa juu mpaka chini. Korongo! Lete mdomo wako."

Mila hiyo hakuna aliyewahi kuisikia. Lakini nani kati yao angekubali kuonekana haijui?

"Hapa?" akauliza Tembo. "Mbele ya mama mkwe?"

"Ndiyo mila, baba."

Korongo akagonganisha mdomo, ka! ka!

Tembo akakohoa. "Bwana Simba, mfalme ni wewe. Tangulia."

"Mimi? Koo lenyewe limeshatulia. Kiboko, hiyo ngozi yako..."

"Aa! Waanze wadogo! Si ndio waliotaka kupimana?"

"Waanze wadogo!" wakaitikia wote watatu, wakasimama pamoja. Shauri likapita.

Pimbi akamshika mkono Mwanapili, wakaingia na Korongo nyuma ya kichaka.

"Mbona mnajificha?" Tembo akang'aka. "Na mila je?"

"Mila ile ni ya wakubwa, baba."

Kivimbe cha Mwanapili kikatoka. Wadogo wakafuata, kisha wakubwa mmoja mmoja, wakipita kichakani kimyakimya. Simba tu ndiye aliyekataa kuonekana.

Alikuja baadaye sana, sauti imekwisha, ngurumo imebaki mkoromo, hrr, hrr. Korongo akachungulia kooni, akaona kivimbe kimelijaza lote, akaufumba mdomo wake.

"Bibi," akanong'ona Simba, "siku ile ya baraza, kilikuwa kidogo?"

Pimbi hakucheka. Alikuwa amechoka.

"Kilikuwa kidogo, baba."

Hadithi nimeifikisha, kaeni nayo: ugonjwa haungoji wakubwa wapatane wala aibu iwatoke, pimweni mapema.