Machozi ya Mwenyekiti Fisi

Jua la mwaka huo, usiombe! Mto ulikauka, ukabaki mchanga na lawama. Simba, mfalme wa nyika, akaamuru mtama wote uwekwe katika ghala moja. Kila aliyeleta kikapu alipewa kigae cha chungu chenye alama ya ukucha wa Simba. Mvua ikija, kigae kimoja kitamrudishia kikapu kimoja. Mwenye shida aliruhusiwa kuuza kigae chake kisimani, kwa mifupa, maana mfupa ndio uliokuwa fedha yao.

"Na asiye na kigae hana kiti katika kamati ya ghala!" alinguruma Simba. Kisha akamfanya Fisi mwenyekiti. Kwa nini Fisi? Kwa sababu alisifu manyoya ya mfalme kuliko wenzake, basi. Wajumbe wakawa shemeji yake Tumbusi, na Nyumbu, ambaye kazi yake ilikuwa kutikisa kichwa kukubali kila jambo.

Tangu hapo bei ya kigae haikutulia. Leo Fisi anatoka ghalani akilia, "Jamani, wadudu wameingia!" na kigae kinashuka mpaka mfupa mmoja. Keshokutwa anatoka akicheka, "Mtama mzima, ndugu zangu!" na kigae kinapanda hadi mifupa kumi. Wanyama wakalaumu upepo. Wengine wakasema ni uchawi.

Mama Kanga alikuwa na vigae vitano. Kwa hofu alikwisha kuuza vinne, kila kimoja kwa mfupa mmoja, mifupa ambayo hakuna kifaranga anayeweza kuila. Siku moja akaja kisimani na kile cha mwisho, vifaranga sita nyuma yake.

"Usiuze, Mama Kanga," Sungura akamzuia. "Nipe siku tisa."

"Siku tisa wanangu wale nini? Maneno yako?"

"Wadonoe mabua. Lakini kigae shika!"

Sungura akaketi kisimani na mawe yake. Fisi akilia, jiwe jeusi. Akicheka, jiwe jeupe. Chini ya kila jiwe akachora alama: Tumbusi jana yake aliuza au alinunua? Siku ya tisa akaenda kwa Simba, kamati nzima ikiwapo.

"Mtukufu, kila Fisi anapolia, Tumbusi amekwisha kuuza jana yake. Kila anapocheka, amekwisha kununua. Shemeji huyu huyaona machozi kabla hayajatoka."

Fisi akaangua kicheko. "Mawe tisa! Huo ni utafiti au mchezo wa bao? Utafiti wa kweli unataka mawe elfu!" Nyumbu akatikisa kichwa.

Simba alichukia kweli. Kuambiwa kamati ni mbovu ni kuambiwa aliyeichagua ni mbovu. Kamati ilipotoka akasema, "Sungura, ukiwa umekosea, nitakula wewe."

"Unile, Mtukufu. Ila kwanza iambie kamati, kamati peke yake, kwamba kesho adhuhuri utavifuta vigae vyote, visirudishe hata punje."

Jioni Simba akaiambia. Alfajiri Fisi na Tumbusi walikuwa kisimani na magunia ya vigae, jasho linawatoka. "Njooni, majirani! Kwa huruma yangu, kigae kwa mfupa mmoja, hata mkavu!"

Wanyama wakagombania. Mama Kanga akaleta mifupa yake ile ile minne, akaondoka na vigae vinne.

Adhuhuri Simba akapanda juu ya mwamba. "Leo," akasema, "sifuti kitu."

Fisi akataka kucheka, akakohoa.

"Mwenyekiti," akasema Sungura, "tuonyeshe kigae chako."

Fisi akapekua gunia: mifupa mikavu, haina hata uboho. Tumbusi naye vivyo hivyo. Nyumbu peke yake alikuwa nacho kimoja, kwa kuwa hakuelewa alichoambiwa jana.

"Asiye na kigae hana kiti!" alinguruma Simba. "Mimi nilijua tangu mwanzo." Wanyama wakainamisha vichwa wasionekane wakicheka.

Ufunguo wa ghala ukakabidhiwa Mama Kanga. Fisi akalia, safari hii kwa uchungu wa kweli, na bei ya kigae haikutikisika hata kidogo.

Mla cha mwenzio, na chako huliwa.