Gari Lisilosukumika

Mtu mmoja wa huku milimani, ambako asubuhi unaiona pumzi yako ikitoka mdomoni, aliachiwa gari na baba yake. Gari la zamani, la gia za mkono, na klachi ngumu mpaka paja liume. Alilipenda kwelikweli. Alijua kuliingiza gia ya pili bila kulikwaruza, na akikaribia kona ya shule alishusha gia mapema, gari likanguruma kwa raha, naye akacheka peke yake kama mjinga.

Lakini lilikuwa na aibu yake. Asubuhi ya baridi haliwaki. Starta ilijizungusha kidogo, ikanyamaza.

Basi kila asubuhi alitoka getini akapiga mluzi, na mtaa mzima ulijua maana ya mluzi ule. Seremala wa jirani aliweka randa chini. Mama mpika chapati wa ng'ambo ya barabara aliacha unga kwenye sinia, akaja na mikono yake vilevile. Na wengine wawili watatu waliokuwa wanapita. Wakaweka viganja kwenye buti wakasukuma, yeye ndani amekanyaga klachi, anasubiri mwendo ukolee. Kisha akaachia mguu. Gari likashtuka, likakohoa, likawaka. Na kwa kuwa limeshawaka, ndoo ya chapati ilipanda kiti cha nyuma, mbao za seremala zikatokeza dirishani, wakateremka sokoni pamoja. Buti la gari lile siku zote lilikuwa na alama za viganja vya unga.

Siku moja shemeji yake akaja kutoka mjini. Akasimama barazani na kikombe cha chai, akatazama shughuli yote.

"Shemeji," akasema, "mtu mzima na heshima zako, bado unasukumwa kama toroli?"

Mnacheka, waumini. Yeye hakucheka. Neno lile lilimwingia, likakaa.

Akalipeleka gari gereji. Wapenda magari mliomo humu, mngefurahi: rangi mpya ya bluu, taa nyeupe zinazochoma ukungu, viti vya ngozi, vioo vyeusi, redio ya kugusa kwa kidole. Mimi siwezi kumlaumu kwa hayo. Taa za mwanzo zilikuwa hafifu kama kibatari, na kuendesha gizani si utakatifu. Lakini akamwambia fundi, "Na hii giaboksi ng'oa. Niwekee otomatiki, liwake kwa kitufe."

Fundi akajikuna kichwa. "Naweza. Ila ujue, mzee, betri ikikufa, hili hata wakusukume mpaka jioni haliwaki. Halitakuwa na klachi ya kuachia."

"Ndiyo maana nakulipa," akajibu. "Sitaki kusukumwa tena maishani mwangu."

Akapata alichotaka. Asubuhi alibonyeza, likawaka, akapandisha vioo, akaondoka. Mluzi ukaisha. Na mnisikie vizuri, maana wengine mmeshamhukumu: hakuwa mtu mbaya. Hakugombana na yeyote. Aliwapungia mkono kila siku, ila kwenye kioo cheusi mkono hauonekani. Ndoo ya chapati ikaanza kwenda sokoni kichwani. Seremala akatafuta mkokoteni. Buti likang'aa, safi, halina kiganja hata kimoja. Na mguu wake wa kushoto, mguu wa klachi, kila alipoketi kwenye usukani ulijinyoosha kutafuta cha kukanyaga, ukarudi mtupu.

Ikaja asubuhi moja ya ukungu. Mama yake mzazi, aliyekuwa na pumu ya miaka mingi, aliamka kifua kimebana, midomo imeanza kubadilika rangi. Akambeba mpaka kwenye gari, akamlaza kiti cha nyuma, mkewe akaingia kumshikilia. Akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Ile redio ya kugusa, aliyoisahau, ilikuwa imeimba usiku kucha mpaka ikaimaliza betri.

Pikipiki haifai, mama hawezi hata kuketi. Gari jingine mtaani halikuwapo. Akakimbilia getini, akakunja midomo apige mluzi, na mdomo ulikuwa mkavu. Haukutoka mluzi, ulitoka upepo. Mngetaka aite nini? "Jamani, ni mimi"? Baada ya miezi yote ile?

Mama mpika chapati akamwona kutoka ng'ambo. "Baba Niwaeli, umeshika kichwa kuna nini?"

"Betri imekufa. Mama yuko ndani ya gari, hapumui vizuri."

Yule mama hakuuliza la pili. Akageukia mtaa akaita, "Nyie! Gari!" Kama zamani. Seremala akaja na vumbi la mbao kwenye nyusi, na wengine nyuma yake. Wakaweka viganja kwenye buti, mahali palepale.

Hapo ndipo alipowaambia ukweli, na ulimtoka kwa shida. "Halitawaka. Niliing'oa klachi. Halisukumiki."

Seremala akainua kichwa. "Uliing'oa kwa nini?"

"Ili nisisukumwe."

"Ahaa. Na mimi nikadhani tumekukosea."

"Mama wa watu anakata roho humo, nyie mnaulizana klachi," yule mama akasema. "Nani anataka liwake? Tunaenda harusini? Kituo cha afya si kile pale chini? Weka gia huru, baba. Toa breki."

Wakalisukuma. Si ili liwake. Wakalisukuma tu, mpaka njia ilipoanza kuteremka. Na gari lililozimika, breki zake huwa nzito, mnalijua hilo. Basi seremala akafunga kamba nyuma, wale waliokuwa wanasukuma wakageuka kuwa wa kuvuta. Wakateremka hatua kwa hatua, visigino vimechimba udongo, wamelishikilia gari kama mtu anavyoshikilia ng'ombe mwenye kiherehere, mpaka mlangoni pa kituo. Mama akawekewa hewa. Kabla ya saa sita akaomba chai, akalalamika kwamba haina tangawizi.

Yule mtu alipotoka nje akalikuta gari lake la bluu. Buti lote viganja vya unga. Alikuwa na kitambaa mfukoni. Hakukitoa.

Sasa nawauliza, na msitazame paa. Ile kauli ya "sitaki kusukumwa tena" si ndiyo sala yetu? Tunamwomba Mungu atupe maisha yasiyomhitaji mtu. Tukiyapata tunayaita baraka, tunatoa sadaka ya shukrani. Una tanki lako la maji, hujui tena nani anaumwa kule bombani. Mchango wa msiba unautuma kwa simu, na mfiwa hajauona uso wako. Paka rangi. Badilisha taa. Nani amekukataza? Nakuuliza kitu kimoja tu: umeng'oa nini huko ndani, pale ambapo watu walikuwa wanakushika?

Yule mtu alidhani majirani ni wa kuwashia gari. Hakujua kwamba kazi yao kubwa ilikuwa mteremkoni. Kukusukuma, hata msiyejuana naye anaweza. Kukushikilia usiporomoke, hiyo inataka mtu anayekujua. Na sisi sote hapa tuna mteremko wetu, wengine tumeshaanza kuuteremka, breki nzito, vioo vimepandishwa, tunapunga mkono kwa ndani.

Ibada ikiisha msikimbilie getini. Kuna mtu humu ulikuwa unampigia mluzi, ukaacha. Hamkugombana, uliacha tu. Nenda ukamshike mkono, na kama mdomo wako ni mkavu, usitafute maneno mazuri. Mwambie, "Nimekwama." Atajua pa kuweka viganja.